Hodi ya Mbwa wa Bwana Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba na nyumba zilikuwa na komeo, aliishi digidigi mmoja jina lake Bi Sikudhani. Sogeeni karibu, msinikalie mbali, maana hadithi hii ina upweke ndani yake.

Bi Sikudhani alikuwa mjane. Mumewe, Kombo, aliuawa na Bwana Chui na mbwa wake katika msimu wa kuwinda uliopita. Tangu hapo, kila akirudi kutoka malishoni, alisimama mlangoni pake mwenyewe akaita, "Hodi!" Kisha akajijibu, "Karibu!" Ndipo akaingia. Alitaka tu kusikia sauti.

Wala haukuwa upweke wa moyo peke yake. Digidigi hula kwa kulindana: mmoja akiinamia majani, mwenzake huinua shingo kuangalia adui. Sasa Bi Sikudhani alikula tonge moja, akainua kichwa. La pili, akainua kichwa. Hakushiba hata siku moja. Na alijua kwamba msimu ukifunguliwa, mbwa watamkuta ameinama, na hakuna wa kumwambia kimbia.

Masika yalikuwa yameingia. Wakati wa mvua ilikuwa mwiko kuwinda, kwa kuwa majani ni marefu na kila mama ana mtoto. Wawindaji walikaa nyumbani wakifundisha mbwa. Bwana Chui alikuwa na mbwa wanne wapya badala ya wale wa zamani, kila mmoja na njuga shingoni.

Mbwa hufundishwa kwa ngozi ya mnyama watakayemwinda. Mtu huiburuta majanini, nao huifuata harufu. Lakini Bwana Chui hakuweza kuiburuta mwenyewe, maana alichukia umande kupita kiasi. Akamwajiri Fisi. Fisi akaila ngozi.

"We Fisi! Ngozi iko wapi?"

"Ilikuwa imelowa, bwana. Nikaona itaharibika bure."

Basi asubuhi moja Bi Sikudhani akafika barazani kwa Chui.

"Shikamoo, Bwana Chui. Nasikia unatafuta mtu wa kuburuta ngozi."

Chui akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Ala! Digidigi awafundishe mbwa kuwinda digidigi? Ama kweli ukiishi utaona mengi!"

"Mimi sili ngozi, bwana. Na umande nimeuzoea."

"Hilo kweli. Haya, shika!" Akamtupia ngozi, pwaa! "Ila usiwape chakula hata punje. Mimi huwalaza na njaa ili wawe wakali."

Bi Sikudhani akaitazama ile ngozi. Ubavuni ilikuwa na kovu la mwiba, la jeraha ambalo yeye mwenyewe aliliuguza. Ilikuwa ngozi ya Kombo. Maskini, alitaka kupiga yowe. Lakini alisema tu, "Asante, bwana," akaondoka nayo.

Alipofika majanini alilia mpaka akachoka. Kisha akaiuma ngozi kwa meno, akaanza kuiburuta, shwaa, shwaa, shwaa, huku akisema nayo moyoni, "Twende nyumbani, Kombo. Twende tu nyumbani." Akazunguka kilima, akavuka kijito, akaishia mlangoni pake. Akapika uji wa mtama, akaumimina katika mabakuli manne, akangoja.

Njagu, njagu, njagu! Njuga zikalia, mbwa wakatokea, ndimi nje. Aliyetangulia aliitwa Kishindo, jina kubwa, mbavu zote zinaonekana.

"Tumefika mwisho wa harufu!" akabweka. "Sasa tufanye nini?"

"Bwana wenu hakuwaambia?"

"Alisema tufuate mpaka mwisho. Basi."

"Mwisho ndio hapa. Na mtu akifika mlangoni kwa watu, hupiga hodi."

Mbwa wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuwafundisha jambo hilo.

"Ho... hodi?" akasema Kishindo.

Tangu Kombo aondoke, hakuna aliyeita mlangoni hapo ila yeye mwenyewe.

"Karibuni," akajibu. "Karibuni, wanangu. Uji upo."

Ikawa hivyo masika yote. Chui alikaa barazani, miguu mikavu, akisikiliza njuga zikienda na kurudi.

"Wamefika mwisho wa harufu?" aliuliza.

"Wamefika, bwana. Siku hizi wanakwenda mbio kweli."

"Mbona wamenenepa?"

"Mazoezi, bwana."

Mwisho wenyewe uko wapi, hilo hakuuliza, kwa sababu ya umande.

Mvua zikakatika. Majani yakakauka. Chui akamwita Bi Sikudhani akamwambia, "Kazi yako nimeipenda. Hiyo ngozi imechakaa, baki nayo. Tutaonana msimu ukifunguliwa!" Akacheka tena, meno yote nje.

Bi Sikudhani akarudi nyumbani, akaizika ngozi ya Kombo nyuma ya nyumba. Siku zikapita, hakuna njuga, hakuna uji wa kugawa. Upweke ukamrudia mara mbili. Akajiuliza, je, watanikumbuka? Au njaa itawasahaulisha?

Siku ikafika. Puuu! Puuu! Baragumu la Chui likalia. "Tafuta digidigi! Tafuta!"

Bi Sikudhani akaingia ndani, akatia komeo. Njagu, njagu, njagu! Njuga zikazunguka kilima. Zikavuka kijito. Zikafika mlangoni, zikanyamaza. Akasikia mihemo tu. Akafumba macho.

"Hodi!"

Wote wanne kwa pamoja.

"Karibuni!" akalia Bi Sikudhani, akafungua mlango kwa pupa, nusura aanguke.

Chui akafika akitweta, na Fisi nyuma yake. "Kamateni! Mnangoja nini?"

"Bwana," akasema Kishindo, "hapa ndipo mwisho wa harufu. Tumefundishwa tukifika tupige hodi."

"Nani kawafundisha upuuzi huo?"

"Mwalimu uliyemwajiri wewe."

Fisi akaangua kicheko, akajigaragaza chini. Chui akainua mkono, kucha nje. Grrrr! Mbwa wanne waliokuzwa kwa uji wa Bi Sikudhani wakajipanga mlangoni, wakimngurumia. Chui akawatazama, akaushusha mkono, akaenda zake peke yake, na baragumu lake kwapani.

Jioni ile Bi Sikudhani alitoka kula. Kombo hakurudi, nisiwadanganye, na pengo lake lilibaki. Lakini mbwa walilala kumzunguka, masikio juu. Akainama, akala tonge moja, na la pili, na la tatu, bila kuinua kichwa. Akala mpaka akashiba.

Basi kumbukeni, wanangu: kiumbe hukaa upande wa aliyemkaribisha ndani, hata kama mwingine ndiye anayempulizia baragumu.