Taa za Gari la Zahanati

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga walimaanisha kwamba mwenye haja ya kitu kilichofichika hana budi kukubali taabu yake, hata kama taabu hiyo itamchafua nguo au kumshusha hadhi.

Zahanati moja ya mlimani ilikuwa na gari moja tu, tena kuukuu. Dereva wake alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye magoti mabovu na ulimi mkali. Wajawazito wa vijiji vitano walimtegemea yeye. Asubuhi ukungu ulitanda barabarani mzito kama pamba, nazo taa za gari zilikuwa zimefifia kama macho ya mtu mwenye usingizi. Siku moja nusura amgonge mwendesha baiskeli. Mkaguzi wa magari alipopata habari alikuja mwenyewe, akazitazama taa, akatikisa kichwa.

"Mama, nakupa hadi Ijumaa saa sita mchana. Zikibaki hivi, gari hili halibebi mgonjwa tena."

Dereva akalipeleka kwa shemeji yake, fundi mwenye maneno mengi kuliko spana. Shemeji alifunua boneti, akabadilisha balbu. Taa zikabaki vile vile. Akabadilisha betri. Wapi! Alhamisi akafuta mikono yake, ambayo haikuwa michafu sana, akasema, "Shemeji, gari limezeeka, na uzee hauna dawa. Tafuteni jingine."

"Litatoka wapi?"

"Hapo sasa sijui."

Mkabala na zahanati aliishi mama mmoja mtengeneza redio. Hawakuwa wakisemezana tangu dereva alipomwita, mbele za watu, fundi wa vichezeo. Ijumaa asubuhi dereva alimeza kiburi chake kama kidonge kichungu, akabisha hodi.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi. Na msaada pia. Nikisema nimeleta radhi peke yake nitakuwa mwongo."

Mama wa redio alicheka hadi akaiweka chini kazi aliyoishika. "Angalau hujui kudanganya. Twende."

Alichukua mita yake ya kupimia umeme. Wakawasha taa. Kwenye betri umeme ulikuwa tele. Kwenye balbu, karibu theluthi yake ilikuwa imepotea njiani.

"Umeme ukienda lazima upate njia ya kurudi," alisema. "Huku kwenda ni kuzuri. Ubovu uko kwenye kurudi. Ule waya mweusi umefungwa wapi?"

Waliufuata kwa vidole mpaka ukapotelea chini kabisa, nyuma ya bampa, mahali ambapo shemeji hakuchungulia.

"Mimi mgongo umefungwa mkanda wa daktari," alisema mama wa redio. "Utaingia wewe."

Dereva aliitazama sare yake safi, akautazama udongo uliolowa. Kisha akatandaza gunia, akapiga magoti, akajiburura uvunguni mwa gari huku wauguzi wakichungulia madirishani. Kwa mwanga wa tochi aliiona: boliti moja iliyovaa kutu nene hata waya haukugusa chuma sawasawa.

Boliti iligoma. Spana iliteleza, ikamchubua vidole. Mara ya nne ikalegea. Aliusugua waya na chuma kwa msasa mpaka vyote viwili vikang'aa, akakaza boliti kwa nguvu zake zote, akaipaka grisi.

"Washa," alisema kutoka chini.

Ukuta wa zahanati, uliokuwa kivulini, ukawa mweupe pe! Wauguzi wakapiga makofi. Dereva alitoka akihema, akautazama ule mwanga, machozi yakamlenga. Aliyafuta kwa mkono wenye grisi, akajichora masharubu.

Saa tano na nusu mkaguzi alifika na kipimo chake. Alipima taa mara mbili.

"Ni fundi gani huyu?"

"Ni sisi wawili," alijibu dereva, akimshika mwenzake mkono.

Mkaguzi akatia sahihi. Jioni shemeji alikuja kuuliza ni kifaa gani kilichonunuliwa. "Kipande cha msasa," aliambiwa.

Jumatatu alfajiri, katikati ya ukungu, gari lilimfikisha salama hospitali mjamzito mwenye uchungu. Kesho yake lilirudi na watu wawili, mama na mwanawe. Aliyesimama wima aliambulia maneno matupu, na aliyelala matopeni akatoka na nuru. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.