Sahani za Majirani

Bwana Ghalib, tajiri bahili wa Mombasa, alisafiri hadi Tunisia kutafuta nyumba kwenye pwani ya Mediterania, mbali na ndugu zake waliozoea kula kwake. Akaipenda nyumba moja iliyotazama bahari, ambayo Bi Kidawa wa Lamu alikuwa amepanga.

"Hii naichukua. Wewe tafuta pa kuhamia," akamwambia.

"Sawa, bwana. Lakini kaa kwanza, uwajue majirani."

Hata hajakaa vizuri, hodi ikabishwa. Jirani akaleta sahani ya samaki. Wa pili akaleta wali, wa tatu mahamri, mpaka meza ikajaa.

"Watu wakarimu hawa," alisema Bwana Ghalib huku akila.

"Mno. Wanaleta kila siku."

Akaacha kutafuna. "Na sahani zao?"

"Bwana, wewe ni mtu wa pwani. Sahani ya jirani hurudishwa tupu?"

"Hata huku?"

"Huku ndiko zaidi."

Bwana Ghalib akanawa mikono, akaulizia kama kuna nyumba mlimani isiyo na jirani. Kufika jioni alikuwa ameshainunua.

Bi Kidawa akaosha sahani zote, zenye ua lilelile la buluu, akazirudisha kabatini mwake zilimokuwa asubuhi.