Kengele ya Ambakisye

Kabla sijawapa hadithi, niwape aibu yangu. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mdogo huku milimani Rungwe, na elimu yangu yote ni darasa la saba. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya kanisa, na mtunza nyundo yake ni mimi. Siku tulipomzika Ambakisye, nyundo ilikuwa ndani ya koti langu na kengele haikupigwa. Sikilizeni, kisha mniamulie, maana mwenyewe nimeshindwa.

Palikuwa na nyumba moja yenye watu watatu wazima, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake. Tupokigwe alipewa kinywa. Akianzisha wimbo, hata waliokuja ibadani kwa uvivu walisimama. Mumewe, Gwakisa, alipewa mikono. Paa aliloliezeka yeye halikuvuja, ila ukitaka neno kutoka kwake ungesubiri sana. Mama yake Gwakisa, Bibi Keziya, alipewa magoti. Akianza kuomba asubuhi, uji wake ulipoa mezani. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Lusubilo.

Jirani yao Ambakisye alikuwa mchoma tofali. Huku kwetu tanuru likishawashwa, mwenyewe halali. Anazunguka akiziba nyufa kwa udongo, kwa sababu ukuta ukipasuka tofali humwagika zikiwa za moto. Msimu ule wa baridi Ambakisye akatamani kwenda kilabuni. Akamwita Lusubilo. "Kaa hapa kwenye joto, mwanangu, uniangalizie. Hizo ndizi za kuchoma ni zako."

Ukuta ukamwangukia mtoto, akafa. Ambakisye akaapa mbele ya kanisa kwamba mtoto alijiendea mwenyewe. Wenzake wa kilabuni walipomsuta, kanisa likamtenga.

Kwetu aliyetengwa hurudi kundini hivi: anaungama mbele ya watu, kisha mmoja wa nyumba aliyoikosea anamshika mkono na kumwongoza mpaka kwenye benchi. Akifa kabla ya hapo anazikwa bila kengele wala wimbo. Hilo Ambakisye aliliogopa kuliko kifo chenyewe. "Mzee," aliniambia, "nisije nikafukiwa kama kitu kilichooza."

Sasa mtazameni Tupokigwe. Katika ibada ya akina mama alisimama akasema, "Nimemsamehe Ambakisye, kwa jina la Bwana." Wanawake wakalia. Habari zikamfikia Ambakisye, na Jumapili akaja na shati lililopigwa pasi. Akaungama yote, pombe na uongo, akanyoosha mkono. Tupokigwe akatoka kwenye kwaya, akamsogelea. Akauona ule mkono, na udongo mwekundu kwenye kucha. Akaficha mikono yake ndani ya kitenge.

"Neno nimelitoa," akasema. "Mkono umekataa."

Ambakisye akarudi kusimama nje, chini ya upenu, na tangu siku hiyo akawa anasikilizia mahubiri dirishani.

Mtazameni Gwakisa. Mapafu ya Ambakisye yalipoanza kuharibika, ni Gwakisa aliyempandia juu ya paa na kumbadilishia bati lililotoboka. Ni yeye aliyempelekea kuni. Hata zahanati alimpeleka kwa kumbeba mgongoni, na mimi nilikutana nao njiani, nikaongozana nao.

"Umekuwa mwepesi," Gwakisa alikuwa anamwambia. "Kumbe uzito wako wote ulikuwa pombe."

Ambakisye akacheka mpaka akakohoa. "Ndugu yangu, basi umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Huwezi kutembea, nakubeba. Usitafute jingine."

"Nishike mkono Jumapili, Baba Lusubilo. Mara moja tu."

"Nikikushika kule nitakuwa nimemdanganya Mungu. Kaza mikono shingoni, utaanguka."

Na Bibi Keziya. Kila alfajiri alilitaja jina la Ambakisye mbele za Mungu. Aliniambia mwenyewe, tukiwa tunafagia kanisa. "Nilianza kwa kumwombea afe, mwanangu. Nikaendelea kuomba. Siku moja nikainuka, nikakitafuta kile kinyongo kama mtoto anavyolitafuta kwa ulimi jino lililong'oka. Hakipo."

"Basi bibi, nenda ukamshike mkono."

"Halafu nimwambie nini mkwe wangu? Kwamba mimi nimepona na yeye bado anavuja damu? Acha kwanza apone."

Akangoja. Ambakisye akafa akiamini kwamba bibi yule anamchukia.

Jeneza lilipoletwa, mchungaji alisimama mlangoni. "Kama yupo wa nyumba ile aliyemsamehe kweli kabla hajafa, ajitokeze. Kengele itapigwa, na marehemu ataingia kanisani."

Tupokigwe akasema, "Mimi nilisema kwa mdomo tu. Muulizeni mume wangu, ndiye aliyembeba."

Gwakisa akasema, "Nilibeba mgonjwa. Muulizeni mama, moyo wake ndio safi."

Bibi Keziya akasema, "Moyo wangu niliuficha kama unga wakati wa njaa, na mwenye njaa amenifia mlangoni. Neno la msamaha alilosikia maishani mwake ni la Tupokigwe peke yake."

Wakarudi walikoanzia. Mvua ikaanza. Mchungaji akanigeukia. "Mzee, wewe unaijua nyumba hii. Ni nani?"

Niliogopa kumtaja asiyestahili. Nikasema, "Hayupo."

Tukamzika. Tupokigwe alifungua kinywa aanzishe wimbo, sauti haikutoka. Gwakisa alilifukia kaburi peke yake, hakumpa mtu jembe. Bibi alipiga magoti kwenye matope hadi tukamwinua, na tangu siku ile hajaomba tena kwa sauti. Siku hizi nyumba ile moto unawashwa mmoja, lakini kila mtu anakula kwa wakati wake.

Mchungaji amekubali kengele ya Ambakisye ipigwe Jumapili hii, ikiwa nitamtaja mmoja wa watatu hao kuwa ndiye aliyesamehe, naye aishike nyundo. Sidhani itamfikia marehemu. Sidhani hata itawarudisha walio hai kwenye sahani moja. Lakini jina natakiwa kulipeleka, na kila nikilala namwona mwingine.

Wewe uliyenisikiliza, nyundo hii ungemkabidhi nani: aliyelitoa neno bila mkono, aliyeutoa mkono bila neno, au aliyekuwa na moyo asiupeleke? Usinifariji, wala usiniambie ni siri ya Mungu, hilo nilishajificha nyuma yake. Naomba unitajie jina moja.