Kilemba cha Kimbunga

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nyie wa kule nyuma, midomo mmeikopesha nani? Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya. Pakawa na bahari, na maji yake ya moto kama ya kumwogeshea mzazi.

Hapo zamani za kale, Bi Kasa alifukia mayai yake mchangani, mia na moja. Zilikuwa zimebaki siku tatu tu yaanguliwe. Ndipo Kimbunga akazaliwa huko baharini.

Kimbunga alikuwa bado mchanga, lakini mlafi huyo! Akanywa mvuke, akanenepa, akazunguka. Akanywa tena, akanenepa, akazunguka. "Nikifika pwani," akasema, "naukomba mchanga wote."

Bi Kasa roho ikamruka. Akaogelea mpaka kwake. "Mwanangu, wanangu wamo mchangani. Pita mbali."

"Wanao, si wangu," Kimbunga akamjibu, akaendelea kunywa.

Bi Kasa akaona kulia hakumsaidii. Akamkagua juu mpaka chini, akaguna. "Haya, njoo. Ila bwana mkubwa mzima unaingia mjini kichwa wazi? Watu watakudhani manyunyu."

Neno hilo likamchoma. Akajifunga kilemba cha mawingu.

"Si kibaya," akasema Bi Kasa. "Lakini kwa macho yangu haya ya uzee nakiona kifupi. Ongeza."

Akaongeza. Siku ya pili akaja kujionyesha.

"Kimekukaa hasa. Ila bado kifupi. Ongeza."

Siku ya tatu akaongeza, akaongeza, mpaka kilemba kikafika kwa Upepo wa Juu. Huyo naye mkavu, hana salamu, siku zote mbio na safari zake. Akakikumba kilemba, kichwa na vyote, akaenda navyo. Kichwa kikavutwa huku, miguu imebaki kule. Ukavu ukamwingia Kimbunga hadi tumboni, mvuke wote aliokunywa ukaisha.

"Bi Kasa, nishike!"

"Kwa mikono ipi, mwanangu? Mimi nina mapezi."

Kimbunga akafika pwani manyunyu matupu. Mchanga ukalowa, ukalainika. Watoto mia na mmoja wakatoka, wakakimbilia baharini. Wakampita pale pale, hata shikamoo hawakumpa.

Basi, nyie mnaopenda kusifiwa: anayekwambia ongeza, muulize kwanza anakupandisha wapi.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aende nayo kwao, aliyeichukia aniachie mwenyewe.