Kaburi la Babu yake Fisi

Mwaka huo mvua iligoma. Nyasi zikakauka kote, ukabaki uwanja wa bondeni tu, wenye kijani na kivuli. Watoto wa wanyama walicheza mpira pale, wazee wakanyoosha viungo. Haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa wote.

Asubuhi moja wakakuta mabati yamezunguka uwanja mzima. Getini kasimama Fisi, kavaa kofia ngumu ya njano, na juu yake bango: FISI HOTELI. KAMA HUNUNUI, PITA KULE.

"We Fisi, wanangu wacheze wapi?" akauliza Mama Swala.

"Wachezee kwako, mama. Haya ni maendeleo."

"Uwanja kakupa nani?"

"Urithi! Babu yangu kazikwa humu. Kaburi si lile pale?"

Kweli, katikati ya uwanja, pale pale wanapoanzishia mpira, kulikuwa na kaburi. Jana halikuwepo.

Kesi ikafika kwa Simba. Simba alishaahidiwa picha yake ukutani mwa hoteli, kubwa kuliko mlango, kwa hiyo alisikiliza huku anachana manyoya. Wakaenda kaburini, Fisi akafukua kidogo, mifupa ikaonekana. Ilikuwa ya ng'ombe, kaizika mwenyewe.

"Mnamwona babu?"

"Mifupa haidanganyi," akasema Simba. "Uwanja wa Fisi."

Mama Swala akaangua kilio. Sungura akajipenyeza mbele.

"Mheshimiwa, umehukumu vizuri. Na wewe Fisi, pole, kumbe una msiba! Ila mila ni mila, bwana. Mrithi hukaa kaburini siku tatu, peke yake, bila kula. Akimaliza, ardhi yake, hakuna wa kumuuliza."

"Tatu tu?" Fisi akacheka. "Hata saba!"

"Tatu zinakutosha, kaka."

Siku ya kwanza Fisi alimlilia babu mpaka majirani wakakereka. Siku ya pili jua likachoma udongo, harufu ya mifupa ikapanda. Fisi akageukia upande wa pili. Harufu ikamfuata huko huko.

Siku ya tatu Simba akaja na mkasi wa kukata utepe, wanyama wote nyuma yake. Wakafungua geti. Kaburi limebaki shimo. Fisi kakaa pembeni, tumbo kama ngoma, mfupa mdomoni.

"Fisi!" Simba akanguruma. "Unamla babu yako?"

Fisi akameza haraka. "Hapana, mheshimiwa! Mimi nimle babu? Huyu ng'ombe tu!"

"Sasa babu yuko wapi?" akauliza Sungura, kwa upole kabisa.

Fisi akaangalia shimo, akaangalia geti, akachagua geti. Alitoka mbio, kofia ikabaki.

Mabati yaling'olewa siku hiyo hiyo. Shimo likafukiwa, mtoto wa Swala akaweka mpira juu yake. Simba, kwa kuona haya, akakata utepe wake hivyo hivyo, eti yeye ndiye kaurudisha uwanja. Wakampigia makofi, mpira uanze.

Njia ya mwongo ni fupi.