Wawili Wakikubali, wa Tatu Anabonyeza

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni msimu uliopita tu, maana hasira yangu haijapoa, akina mama wa kikundi kimoja huko Kyela walichanga fedha za mashine ya kukoboa mpunga. Walichoka kwenda kwa tajiri anayewakobolea kwa dharau na kubaki na pumba zao.

Fedha hazikutosha. Wakaambiwa sarafu za mtandaoni zinazaa, wakachagua wanakikundi watatu. Ambakisye, fundi wa michoro ya bei, atazame kwenye simu mishumaa ya mchoro, ya kijani bei ikipanda na myekundu ikishuka. Tusekile, mwenye ndugu katika kila kundi la WhatsApp, asikilize kama watu wana hamu au wana hofu. Lwitiko, mweka hazina, atunze neno la siri la akaunti ya kununulia. Sheria ikawa moja: wawili wakikubali, wa tatu anabonyeza kununua, hana ruhusa ya kutoa maoni.

Sheria nzuri, si ndiyo? Jicho na sikio. Ngojeni.

Wakapata sarafu changa, wanunuzi wake wachache mno, hata mtaa mmoja ungeweza kuipandisha. Ambakisye akachora mistari yake, akaenda kwa kinyozi kujigamba kwamba hiyo inakaribia kupaa. Maneno yakatoka kwa kinyozi yakaingia makundini. Tusekile akayakuta huko, akasema watu wana hamu kweli, akawapigia ndugu zake wasiachwe nyuma. Ndugu wakanunua, bei ikapanda. Ambakisye akaona mshumaa wa kijani, akasema si mnaona. Jicho likakubali, sikio likakubali, Lwitiko akabonyeza. Fedha zote.

Mtaa ulipoishiwa fedha za kununulia, bei ikaanguka kama gunia. Mpaka leo akina mama wanabeba mpunga kwa yule tajiri, naye anawacheka usoni.

Katiba ya kikundi inasema aliyepoteza mali ya wenzake auze shamba lake la kokoa, hata kama ndilo linalosomesha watoto. Mtu mmoja, basi. Mwenyekiti, Mama Subilaga, akawaita.

Ambakisye akasema, "Nilijigamba, mama, sikumtuma mtu kununua. Na mchoro niliusoma sawa. Bei si ilipanda?"

Tusekile akasema, "Mliniambia nisikilize, nikasikiliza. Ningejuaje kelele zote zile zimetoka kinywani mwa mwenzangu?"

Lwitiko akainama. Siku ya majigambo alikuwa kitini ananyolewa, akasikia kila neno. "Nilijua," akasema. "Lakini mlinikataza kusema."

Akina mama wakapiga kelele. Mama Subilaga hakupiga, maana sheria ile aliitunga yeye, na shamba analo.

Mimi natamani niwachape wote. Lakini katiba inataka shamba moja, na ninyi hapo mnatingisha vichwa tu. Haya, semeni: liuzwe la nani?