Mbwa Aliyetoa Jasho Lake

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwapeleke kwenye kiangazi ambacho hakuna aliye hai aliyekiona. Siku hizo mbwa alitoka jasho kama sisi. Jua likiwaka, manyoya yake yalilowa mgongoni na tumboni, upepo ukampuliza, akapoa, akaendelea na safari. Ulimi wake ulikaa ndani ya kinywa. Alitoka na ng'ombe asubuhi, akazunguka nao mchana kutwa, na jioni bado alikuwa na nguvu za kukimbizana na watoto uwanjani. Kwa hiyo watu walimwona mbwa kuwa kiumbe asiyechoka, na hakuna aliyejali kumtazama vizuri.

Siku hizo pia miili ya viumbe ilikuwa bado haijafungwa. Kiumbe akitaka kwa moyo wote kumpa mwenzake kitu cha mwili wake, aliweza. Lakini kilichotolewa hakikurudi, na ndiyo maana waliotoa walikuwa wachache.

Katika nchi kavu ya Wagogo alikaa mfugaji aitwaye Chiwanga. Binti yake, Nyemo, alikuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi. Nyemo alikuwa na mbwa jike, jina lake Kijivu kwa sababu ya rangi yake. Kijivu alikuwa amezaa watoto wanne, nao walilala ndani ya tembe, nyumba yao ya udongo, nyuma ya mtungi wa maji, mahali ambapo sakafu haikupata joto.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Mto ukabaki mchanga mtupu. Watu walichimba visima ndani ya mchanga huo, wakangoja maji yajikusanye chini polepole, kata moja baada ya nyingine. Kijivu ndiye aliyejua pa kuchimba. Alinusa, akakwangua kwa miguu ya mbele, na alipokwangua hapakukosa maji.

Siku moja Nyemo alitumwa kutafuta mahali pa kisima kipya. Alichelewa kutoka, jua likamkuta katikati ya mto. Mchanga ulichoma kama kikaango. Kijivu alinusa huku na huku, akapata mahali, wakachimba wote wawili mpaka wakafikia mchanga wenye unyevu, lakini maji yenyewe yalikuwa bado. Hapo Nyemo akashikwa na kizunguzungu. Jasho lililokuwa likimtiririka likakatika ghafla, ngozi yake ikawa kavu na ya moto. Akaangukia ndani ya shimo, akazimia.

Kijivu alimlamba uso. Alibweka kuelekea nyumbani, lakini nyumbani kulikuwa mbali. Basi akashuka shimoni, akashindilia nyayo zake nne katika mchanga wenye unyevu, akazamisha pua yake humo humo, akaulaza ubavu wake juu ya mtoto. Akampa jasho lake. Lilimtoka mgongoni, shingoni, masikioni, tumboni, likaingia katika ngozi ya Nyemo, na Nyemo akaanza kulowa tena. Liliondoka lote isipokuwa lile la pua na la nyayo, kwa kuwa sehemu hizo zilikuwa zimezama mchangani na hazikumgusa mtoto.

Jua lilipopungua Nyemo alizinduka, nguo yake imelowa chapachapa. Kijivu alikuwa pembeni, mkavu kama ngozi iliyowambwa, mdomo wazi, ulimi nje, akihema haraka haraka. Nyemo hakuwahi kuona mbwa akihema hivyo. Nyumbani alieleza yote.

"Homa ilikuotesha ndoto, mwanangu," baba yake alimwambia. "Mshukuru Mungu umerudi mzima."

"Mguse, baba. Hana jasho."

"Kesho nitamgusa."

Kesho yake Chiwanga alikuwa na kazi ya kisima, na keshokutwa vilevile.

Siku ya tatu kisima kilikuwa tayari, na ng'ombe wote wakapelekwa kunywa. Walifika adhuhuri. Kijivu alikwenda nao, kwa kuwa mbwa alikwenda kila walikokwenda ng'ombe, na yeye mwenyewe hakukubali kubaki.

Sasa, kisimani kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuvunja. Ng'ombe wakubwa walikunywa kwanza, kisha ndama, kisha watu. Mbwa alikunywa mwisho, yale yaliyobaki katika hori la udongo. Ambaye angeuvunja utaratibu huo angeonekana hana adabu mbele ya mifugo iliyomlisha. Mbwa nao waliujua, walikaa kando wakisubiri.

Chiwanga alisimama shimoni akichota. Mdogo wake, Malogo, aliyapokea maji na kuyamimina horini. Yalikuja kidogo kidogo. Ng'ombe walikuwa arobaini na wawili, na pale hapakuwa na kivuli hata cha kumfunika kuku.

"Baba, Kijivu anakunywa lini?" Nyemo aliuliza.

"Zamu yake ikifika. Leo ndiyo unaujua utaratibu?"

"Ulimi wake umetoka wote."

Malogo aligeuka kumtazama mbwa, akaangua kicheko. "Anatucheka huyo! Mimi mgongo unakatika, yeye kakaa kama mke wa mtemi, anacheka."

"Hacheki, baba mdogo. Ana joto."

"Joto? Yeye na mimi nani kabeba maji? Mwambie aje tubadilishane."

Nyemo hakucheka. Alimwendea Kijivu, akasimama upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie. Kilikuwa kivuli kidogo cha mtoto wakati wa adhuhuri, kilitosha kichwa tu. Kijivu alikuwa amechimba kishimo kwa miguu yake akitafuta mchanga wa baridi, akalala humo. Aliwatazama ng'ombe wakinywa. Hori lilikuwa hatua ishirini kutoka hapo. Hakusogea kuliendea, hakunung'unika. Alijua zamu yake ni ya mwisho.

Ng'ombe wakamaliza. Ndama wakamaliza. Malogo akanywa, kisha akamnyooshea Nyemo kata. Nyemo, ambaye koo lake lilikuwa kavu tangu asubuhi, hakuonja hata tone. Aliibeba kata kwa mikono miwili, akaenda nayo taratibu isimwagike, akapiga magoti, akaiweka chini ya mdomo wa Kijivu.

"Kunywa," alisema. "Hii ni zamu yangu, nimekupa. Kunywa, Kijivu."

Ulimi wa Kijivu ulikuwa umetulia. Nyemo akauchovya majini kwa kidole chake, mara moja, mara ya pili. Kisha akamwaga maji yote juu ya kichwa cha mbwa, na Kijivu hakutikisa hata sikio.

Chiwanga alitoka shimoni aliposikia mtoto analia. Alichuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya manyoya yale, akakiondoa upesi kama aliyeshika jiwe la jikoni. Akarudisha mkono. Alipapasa mgongo, shingo, tumbo, mahali pote pakavu. Alipofika puani akakuta unyevu. Alipogeuza nyayo akakuta unyevu.

"Uliniambia," alisema.

Nyemo alikuwa akimfuta Kijivu mchanga machoni.

"Uliniambia nimguse, na nilikuwa naye ndani ya nyumba siku tatu."

Siku hiyo Chiwanga, ambaye hakuwahi kumbeba mbwa maishani mwake, alimbeba Kijivu mabegani mpaka nyumbani. Malogo alifuata nyuma na ng'ombe.

Watoto wanne wa Kijivu walitoka nyuma ya mtungi wakahema, ndimi nje, kama mama yao. Nao hawakuwa na jasho, kwa kuwa siku tatu hizo walinyonya mwili uliokwisha kulitoa. Nyemo aliwalea. Alijifunza kugusa ardhi kwa mgongo wa kiganja kabla hawajatoka. Ikimchoma yeye, walibaki ndani. Aliwakimbiza alfajiri wakati mchanga una ubaridi, wakarukiana na kubingirika mpaka wakatosheka, na walipochimba vishimo pembeni ya mtungi hakuwafukuza. Chiwanga naye, kisimani, akawa anaichukua kata ya kwanza kabisa na kuwapa mbwa, ng'ombe wakitazama. Wazee walimnung'unikia kwamba anaharibu utaratibu. Aliwajibu kwamba utaratibu huo umeshamgharimu vya kutosha. Mwaka uliofuata wazee hao nao walikuwa wanafanya vivyo hivyo.

Mbwa wa leo ni uzao wa wale wanne, na tangu siku hiyo mbwa hana jasho isipokuwa lile la pua na nyayo. Jua likiwaka hutoa ulimi na kuhema, naye hufukua ardhi kutafuta ubaridi. Kisima kipya kikifunguliwa kwetu, maji ya kwanza ni ya mbwa. Na mnapotoka jasho mkalalamika kwamba linawachuruzika machoni, jueni kuna kiumbe anayetembea kando yenu akiwa hana hilo, na ukimwambia mfuatane adhuhuri, atainuka akufuate.